PIKIPIKI ILIYOLALA MIAKA MINGI YAWEZA KUAMSHWA
Subira, usafi na hesabu ndizo dawa. Haraka huua injini

Upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, kando ya barabara iendayo Ngong, liko jengo la maduka lijulikanalo kwa jina la Adams Arcade. Lilijengwa katika miaka ya 1950, likapewa jina la mjenzi wake, Abdul Habib Adam. Katika siku zile mwenye pikipiki alikuwa mtu wa kuhesabika. Leo pikipiki za boda boda husimama kwa safu karibu na maduka hayo na kuelekea soko la Toi, na asubuhi mtu hukawia kuvuka barabara kwa wingi wake.

Lakini ziko pikipiki nyingine zisizoonekana barabarani. Hizo zimelala katika vibanda vya Woodley na Kibera, na katika ghala za mahindi huko Kikuyu na Ngong, zimefunikwa gunia, na kuku wamefanya kiti chake kuwa mahali pa kulala. Nyingine ziliachwa kwa sababu ya kasoro ndogo isiyotengenezwa kwa wakati wake. Nyingine kwa sababu mwenyewe alihamishwa kazi, au alizeeka, au alifariki. Watu wa nyumbani huzitazama kila siku bila kujua kama ni mali au ni takataka.

Mathalani, karani mmoja akaaye Woodley ameachiwa na marehemu baba yake pikipiki ya Honda iliyosimama miaka 12. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu amefika mlangoni na mizani yake, ataka kuinunua kwa uzito. Kijana wa jirani asema, "Tuipige kiki tu, itawaka." Mama mzee ataka ibaki, kwa maana ndiyo iliyopeleka maziwa ya familia na kulipa karo ya watoto. Je, karani huyo afanye nini? Akiwafuata wawili wa kwanza aweza kupata hasara: mmoja atamnyang'anya mali kwa bei ya chuma, na wa pili atamvunjia injini katika dakika moja. Maelezo yafuatayo ni kwa faida ya kila aliye katika hali kama hiyo, awe mkulima au mtu wa ofisini.

KWANZA, NI PIKIPIKI YA NAMNA GANI?

Pikipiki zote za zamani si sawa, na fedha ya mtu haipasi kutumika kabla ya jambo hili kujulikana. Ziko zile za Kiingereza, kama BSA Bantam, iliyoundwa tangu mwaka 1948 hata 1971. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 123, nayo ilifuata mfano wa pikipiki ya Kijerumani ya DKW, ambayo michoro yake ilichukuliwa kuwa sehemu ya malipo baada ya vita vya pili vya dunia. Pikipiki ya namna hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na vipuri vyake havipatikani katika duka la kawaida. Mwenye kuifufua huifufua kwa mapenzi na kumbukumbu. Asitazamie faida ya haraka.

Ziko za Kijapani, ambazo ndizo nyingi. Honda Super Cub ilitokea mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo haijafikiwa na chombo kingine chochote chenye injini. Mwaka 1976 kampuni hiyo ilitoa Honda CG125, na habari za kuundwa kwake zinawahusu sana watu wa nchi zetu. Mafundi wa Honda walikuwa wamegundua kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, na oili hukawia kubadilishwa. Basi wakaacha ule mtindo wa mnyororo mwembamba wa kuendesha valvu kutoka juu ya injini, wakarudia mtindo wa kale wa fito za kusukuma, ambao ni mnyenyekevu zaidi na huvumilia kusahauliwa.

Injini hiyo ilifuatwa baadaye na viwanda vingi vya Uchina. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo zisizozidi sentimita za ujazo 250, na pikipiki za Uchina na za Bara Hindi zikaingia kwa maelfu. Kwa hiyo nyingi katika boda boda zipitazo mbele ya Adams leo ni watoto na wajukuu wa ile Honda iliyolala ghalani. Faida ya jambo hili ni kubwa: ringi, klachi, kebo, plagi na gasketi za mtoto mara nyingi humfaa mzazi, na hupatikana katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, iliyoitwa zamani Grogan Road. Hata hivyo si kila kipuri kilinganacho kwa macho hulingana kwa kipimo. Mnunuzi achukue kile cha zamani mkononi, akilinganishe na kipya pale dukani, tena kabla ya kulipa.

KARATASI KABLA YA SPANA

Wengi hutengeneza chombo kwanza, kisha wakatafuta cheti chake. Huko ni kujenga nyumba katika kiwanja cha mtu. Mambo ya usajili Kenya yako mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Yampasa mwenye pikipiki kutafuta daftari ya usajili, alinganishe namba zilizochongwa katika injini na katika fremu na zile zilizoandikwa, na ahakikishe ni nani aliyeandikwa kuwa mwenyewe.

Ikiwa aliyeandikwa amekwisha fariki, jambo hilo lataka uangalifu. Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hukataza mtu yeyote kutwaa au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kumwuzia mwenye mizani pikipiki ya baba, au kuibadilisha jina kwa siri, kwaweza kuleta ugomvi kati ya ndugu na hata mashtaka. Basi karani wetu na aketi kwanza na mama yake na ndugu zake, wapatane, wafuate njia ya mahakama, kisha ndipo afungue sanduku la spana. Pikipiki haitaoza zaidi kwa kungoja miezi michache, lakini undugu ukivunjika haupatikani Kirinyaga Road.

USIIPIGE KIKI

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya fundi mwema, na ndiyo ivunjwayo kuliko zote. Injini isiyozunguka kwa miaka huingiwa na unyevu. Pistoni, ambayo desturi yake ni kuteleza katika oili, hushikana na silinda kwa kutu. Mtu akija na nguvu zake zote akapiga kiki, ringi zaweza kukatika, silinda ikakwaruzwa, au meno ya kiki yenyewe yakavunjika. Kazi ambayo ingegharimu kikombe cha oili sasa itagharimu injini nzima.

Njia iliyo sawa ni hii. Eneo la plagi lipulizwe vumbi, kisha plagi ifunguliwe taratibu. Katika tundu lake imiminwe oili nyepesi kiasi cha vijiko viwili, iachwe usiku kucha. Asubuhi gia ya juu iingizwe, na gurudumu la nyuma lisukumwe kwa mkono mbele na nyuma, polepole, plagi ikiwa imetolewa. Likizunguka na pistoni ikapanda na kushuka, Mungu ashukuriwe. Lisipozunguka, iongezwe oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, na kazi ingoje siku mbili, tatu, hata juma zima. Ikikataa kabisa, kichwa cha injini kifunguliwe na fundi. Nyundo isitumike.

Katika siku hizo za kungoja, yatazamwe matundu. Panya hupenda kujenga ndani ya kisanduku cha chujio la hewa, na nyigu hujenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi. Injini isiyovuta hewa wala kutoa moshi haitawaka hata ikiwa mpya.

OILI NA TANGI

Oili ya zamani imwagwe yote. Iangaliwe rangi yake: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe za chuma zing'aazo, kuna kitu kinachosagana ndani, na hapo yafaa kumwita fundi kabla ya kuendelea. CG125 huingia oili karibu lita moja tu, na chujio lake ni wavu wa waya wa kuoshwa. Oili mpya ya kwanza iwe ya bei nafuu, kwa maana kazi yake ni kuosha. Baada ya injini kuwaka mara chache itamwagwa tena, na ndipo itiwe ile njema.

Petroli nayo huzeeka. Ikikaa mwaka mmoja hupoteza nguvu yake ya kuwaka. Ikikaa miaka hugeuka kuwa kama gundi ya rangi ya asali yenye harufu kali ya uchachu. Isichanganywe na petroli mpya kwa kuhurumia senti, bali itolewe yote. Tangi lenye kutu litiwe siki, liachwe siku moja au mbili, kisha litiwe kokoto safi au mnyororo mfupi na kutikiswa hata kutu ibanduke. Baada ya hapo lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki ukatike, likaushwe juani, na papo hapo lipakwe oili ndani, kwa maana chuma kitupu hushikwa na kutu upya kabla ya jioni.

Oili na petroli mbovu zisimwagwe mtaroni. Mitaro ya sehemu za Adams na Kibera huelekea mto Motoine na bwawa la Nairobi, ambalo maji yake hutoka kuwa mto Ngong. Chupa ya oili iliyofungwa na kupelekwa kwa wenye kuikusanya gereji haimdhuru mtu.

Tena kuna hatari ya moto. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama maji na kutafuta jiko. Kazi hii isifanywe jikoni, wala ndani ya chumba cha kulala, wala karibu na mtu avutaye sigara. Wakazi wa sehemu hizi wajua moto ni nini: soko la Toi limeungua zaidi ya mara moja, na katika moto wa mwaka 2019 wafanya biashara wengi walipoteza vibanda na akiba yao.

KABURETA, MAHALI PA UGONJWA

Katika pikipiki zilizolala, ugonjwa mwingi huwa katika kabureta. Ndani yake mna vitundu vidogo viitwavyo jeti, na kile cha mwendo wa polepole ni chembamba kuliko sindano ya kushonea. Ile gundi ya petroli huviziba. Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, na kila sehemu ipangwe kwa utaratibu ilivyotoka, hata ikipasa kuandikwa namba katika karatasi. Karani aliyezoea majalada atalifanya vema jambo hili kuliko fundi mwenye haraka.

Jeti zilowekwe katika petroli safi, zipulizwe kwa upepo wa pampu, na kama bado zimeziba, zipitishwe uzi mmoja wa shaba uliotolewa katika waya wa taa. Waya wa chuma usitumike, kwa kuwa hupanua tundu, na tundu lililopanuka hunywa petroli kupita kiasi maisha yake yote. Boya litikiswe karibu na sikio. Likisikika maji ndani limetoboka. Mipira ya petroli iliyokauka na kupasuka ibadilishwe yote, kwani ni ya bei ndogo, na mpira unaovuja juu ya injini yenye moto umewaka nyumba za watu.

CHECHE

Petroli ikiwa tayari, hutafutwa cheche. Plagi mpya ni bora kuliko ya zamani, na mwanya wake katika CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Pikipiki za zamani huwa na platini, yaani vidole viwili vya chuma vifungukavyo na kujifunga. Vikiota ukungu, umeme haupiti. Visuguliwe kwa msasa laini na kupanguswa kwa kitambaa kikavu, na mwanya upimwe kwa geji, milimita 0.3 hadi 0.4. Kisha plagi ivikwe kofia yake, igusishwe na chuma cha injini mbali na tundu na petroli, na kiki isukumwe. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Ya rangi ya machungwa ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, zifuatwe nyaya moja moja hadi kwenye koili. Betri nazo zisichanganywe: pikipiki nyingi za kale ni za volti 6, na betri ya volti 12 itaziunguza taa zake.

Mwanya wa valvu usisahauliwe. Katika CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, nao hupimwa kwa geji, si kwa kukisia.

BREKI KWANZA, MWENDO BAADAYE

Watu hufurahia mlio wa injini wakasahau kwamba chombo kiendacho hupaswa kusimama. Vyuma vya breki vya gurudumu vifunguliwe, viondolewe vumbi na kutu, na bitana iliyokwisha au iliyoloa oili ibadilishwe. Kebo za breki na klachi zitiwe oili hata zitoke upande wa pili. Iliyokatika nyuzi hata mbili tu itupwe. Mnyororo ulio na viungo vigumu uoshwe au ubadilishwe pamoja na meno yake.

Tairi husema umri wake yenyewe. Tangu mwaka 2000 huandikwa ubavuni tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 1411, tairi iliundwa katika juma la 14 la mwaka 2011. Likiwa na nyufa ubavuni, lisihurumiwe hata kama meno yake ni mapya. Aanguke nani barabarani kwa kuokoa bei ya tairi?

SIKU YA KUIWASHA

Pikipiki itolewe nje penye hewa. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa bila kupiga kelele. Itiwe petroli mpya kidogo, choki ifungwe, kiki ipigwe bila umeme mara kadhaa ili oili isambae, kisha ifunguliwe swichi.

Ikiwaka, isivumishwe kwa kuonyesha watu. Iachwe inguruме taratibu dakika mbili tatu, izimwe, na itazamwe inapovuja. Moshi wa kwanza usitishe mtu, kwa sababu ile oili ya silinda na unyevu wa bomba lazima viungue. Lakini moshi wa buluu usiokoma maana yake oili inapita ringi au valvu. Mweusi maana yake petroli ni nyingi mno au chujio la hewa limeziba. Mwendo wa kwanza ufanywe katika uwanja mtupu, si katika Ngong Road penye mabasi. Na kabla ya kuingia barabarani, sheria ya Kenya yataka leseni, bima, kofia ya chuma na koti la kung'aa kwa mwendeshaji na abiria wake, naye abiria awe mmoja tu.

HESABU YA MWISHO

Yafaa mwenye pikipiki afungue daftari tangu siku ya kwanza, lenye safu tatu: kilichonunuliwa, ujira wa fundi, na kilichobaki kufanywa. Kabla ya kila hatua aulize: je, nikisimama hapa, nimepoteza kiasi gani? Kusafisha tangi, kabureta na platini hugharimu jasho kuliko fedha, kwa hiyo na kufanywe kwanza. Ikiwa baada ya hapo injini yataka pistoni mpya, ekseli na gia, na jumla yakaribia bei ya boda boda nzuri iliyotumika, basi hekima ni kuacha, au kuuza kwa mtu azipendaye za kale, ambaye atalipa zaidi ya mwenye mizani. Kuacha kwa hesabu si aibu. Aibu ni kuacha katikati, vipuri vikiwa vimetawanyika katika makopo yasiyo na jina.

Fundi naye achaguliwe kwa macho. Aliye mwema huuliza pikipiki imelala miaka mingapi kabla ya kushika spana, humrudishia mwenyewe kipuri kilichotolewa, na haoni haya kusema, "Hili silijui." Akitaka kupiga kiki mara tu aionapo, ashukuriwe kwa adabu, na pikipiki irudishwe nyumbani.

Kwa karani wa Woodley na wenzake wengi, jibu basi ni hili: asiuze kwa uzito, asipige kiki, bali aanze na mazungumzo ya jamaa, kijiko cha oili na daftari. Akifuata utaratibu huo, pengine mwisho wa mwezi mama mzee atausikia tena mlio anaoujua. Na isipowaka, atakuwa amejua sababu yake, na fedha ya karo itakuwa ingali mfukoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wazee. Lakini hata ukuta ulioanguka, mwenye subira huanza kuujenga kwa jiwe moja.